“Mama, Si Ulitia Sahihi Mwenyewe?”

Karatasi aliyonipa mama wa achari ilikuwa imekunjwa mara nne, na pembe yake moja ilikuwa imeingia mafuta ya pilipili. Ni taarifa ya malipo ya mwezi mmoja kutoka supamaketi fulani ya hapa Mombasa, jina nalihifadhi. Juu kabisa imeandikwa mauzo, shilingi 84,600. Inafuata mistari minne ya makato. Rebeti, asilimia 8: shilingi 6,768. Mchango wa matangazo ya sikukuu: 10,000. Bidhaa zilizorudishwa: 11,340. Ada ya kuingiza bidhaa katika tawi jipya: 15,000. Chini ya mstari mweusi mnene zimebaki shilingi 41,492.

“Nisomee tena huo wa tatu, mwanangu,” aliniambia. “Achari yangu haijapata kurudi nyumbani. Imerudi wapi?”

Alikuwa ameshakwenda kuuliza. Kwenye mlango wa nyuma, pale malori yanaposhusha na karani mwenye kalamu sikioni anapohesabu kreti, alielekezwa ghorofani kwa kijana wa manunuzi. Kijana alimwamkia shikamoo, akampa kiti, akamletea maji. Kisha akafungua faili, akageuza mpaka ukurasa wa 14 na kuweka kidole. Bidhaa itakayobakiza chini ya siku 60 kabla ya kuisha muda wake itahesabiwa kuwa imerudishwa, iwe imeondolewa rafuni au ingali ikiuzwa. “Mama, si ulitia sahihi mwenyewe?”

Sahihi ni yake kweli. Nimeiona: herufi tatu zilizoinama juu ya jina lililopigwa chapa kimakosa. Aliitia akiwa amesimama, siku aliyoambiwa kwamba LPO, yaani hati ya kuagiza bidhaa, ya kwanza haitoki mpaka mkataba urudi, na maembe alikuwa ameshayanunua kwa pesa za chama.

Kwa muda mrefu sheria ingemjibu kijana yule kwamba ndiyo, alitia, na maneno yameisha. Mwaka 2001 Mahakama ya Rufani ya Kenya, katika kesi ya benki ya National Bank of Kenya na kampuni ya Pipeplastic Samkolit, iliweka msimamo ambao mawakili wetu wanaukariri mpaka leo: mahakama haina kazi ya kuwaandikia watu mkataba upya. Kama kulikuwa na ulaghai, shuruti au mtu kurubuniwa, aje aseme na athibitishe. Kama hakuna, kilichokubaliwa ndicho kinachofuatwa.

Kanuni hiyo si ya kudharauliwa. Mwenye kiwanda anakopa akitegemea ahadi ya mnunuzi, mwenye lori anakodisha lori lake akitegemea ahadi ya mwenye kiwanda, na dereva anaahidi ada ya shule kwa kutegemea hao wote. Siku jaji yeyote akiruhusiwa kufuta kipengele kwa sababu tu kinauma, hakuna atakayeamini karatasi tena. Lakini kanuni hiyo imejengwa juu ya picha ya watu wawili waliokaa meza moja, wakavutana bei, wakakubaliana, wakapeana mkono. Mama wa achari hakukaa meza yoyote. Mkataba uliletwa umekamilika, umepigwa chapa, umeachwa nafasi moja tu tupu, nayo ni ya sahihi yake.

Hapo ndipo linapoingia tawi jingine la sheria, ambalo zamani halikuwa na habari na mikataba ya watu wawili. Ushindani usio wa haki, kwa maana yake ya awali, ni ugomvi wa mahasimu: wewe na mimi tunauza sabuni, ukaiga karatasi yangu ili wateja wakudhanie wewe ni mimi, au ukaeneza uongo kwamba sabuni yangu inababua ngozi. Mkataba wa Paris wa mwaka 1883, ambao Kenya na Tanzania zote ni wanachama, uliongezewa kifungu cha kinga dhidi ya ushindani wa namna hiyo mwaka 1900 huko Brussels. Kipimo chake ni uungwana katika biashara. Hapahitajiki mapatano yoyote baina ya wagomvi. Wanaweza hata kuwa hawajawahi kuonana.

Mgogoro wa mkataba una sura tofauti. Huo ni wa watu waliojuana, waliopeana ahadi, mmoja akaikiuka. Anayedai anarudishiwa alichopoteza, basi. Sheria haiulizi nani mkubwa na nani mdogo, wala haiulizi soko limeathirika vipi.

Kilichotokea Afrika Mashariki katika miaka hii ishirini ni kwamba mito hiyo miwili imeanza kukutana. Mtu anakwenda kudai pesa zake za mkataba, na wakili wake anaongeza dai la pili: huyu hakunivunjia ahadi tu, ametumia nguvu zake za soko kunikandamiza. Dai hilo la pili linapendwa kwa sababu linapita pale ambapo la kwanza linakwama. Mkataba unaweza kusema fidia haitazidi kiasi fulani. Unaweza kusema kila upande una ruhusa ya kuuvunja kwa notisi ya siku 30 bila kutoa sababu. Unaweza kusema ugomvi wote uende kwa msuluhishi, faraghani, kila upande na gharama zake. Ukibaki ndani ya mkataba, kuta hizo zote zinakuzunguka. Sheria ya ushindani imesimama nje ya kuta.

Mfano ulio wazi zaidi ninaoujua ulianza na maziwa mgando.

Kampuni ya Orchards, ya hapa Kenya, ilikuwa ikiuza yoghati katika maduka ya Carrefour, ambayo humu nchini yanaendeshwa na Majid Al Futtaim, kampuni kubwa ya Dubai. Duka la kwanza la Carrefour nchini lilifunguliwa mwaka 2016 huko Karen, Nairobi, wakati kampuni ya supamaketi ya Nakumatt ilipokuwa imeanza kuyumba na wasambazaji wakilia madeni. Kwa mwenye kiwanda kidogo, kuingia kwenye rafu za mgeni yule mwenye pesa taslimu kulikuwa kama kushinda bahati nasibu. Kisha yakaja masharti. Rebeti za kila namna. Bidhaa za bure kila tawi jipya linapofunguliwa. Ada ya kuingizwa katika orodha. Na kupeleka wafanyakazi wako mwenyewe, unaowalipa wewe, wakapange rafu za duka la mwenzio.

Nisimame kidogo kwenye neno rebeti, maana ndilo linalowala wengi. Kwa asili ni shukrani. Umeninunulia sana mwaka huu, umevuka lengo tuliloweka, basi nakurudishia kidogo ya faida. Hakuna ubaya. Ubaya unaingia pale rebeti inapokatwa uuze usiuze, ivukwe shabaha isivukwe, na inakatwa na yuleyule anayeshika pesa. Hapo imeshakuwa ushuru wa kupita mlangoni. Ukimwuliza msambazaji kwa nini hajapandisha bei ili afidie, atakuonyesha kipengele kingine kinachomzuia kuuza kwingine kwa bei nafuu kuliko anayouza hapo.

Orchards ilipeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Februari 2020 Mamlaka ikatoa uamuzi kwamba Carrefour imetumia vibaya nguvu zake za mnunuzi. Iliagiza Orchards irudishiwe rebeti zilizokatwa, shilingi 289,482, na duka litozwe faini ya shilingi 124,767 na ushei. Carrefour ikakata rufaa, na Aprili 2021 Baraza la Ushindani likakubaliana na Mamlaka.

Msomaji atacheka akiiona faini hiyo. Duka la ukubwa ule huuza kiasi hicho kabla kahawa ya asubuhi haijapoa. Kikomo cha sheria ni asilimia 10 ya mapato ya mwaka yaliyopatikana nchini, lakini hapa asilimia 10 ilipigwa kwenye mauzo ya bidhaa za Orchards peke yake. Ukilifikiri vizuri utaona kasoro yake: kadiri msambazaji anavyokuwa mdogo, ndivyo kumwonea kunavyokuwa rahisi kwa bei.

Ila uzito wa uamuzi ule haukuwa kwenye faini. Mamlaka iliagiza pia Carrefour irekebishe mikataba yake na wasambazaji wote, iondoe vipengele vile. Hilo ndilo jambo ambalo kesi ya mkataba isingeweza kulifanya hata ingeshinda vipi. Orchards ingedai kwa mkataba, ingepata pesa zake, ikaenda zake. Muuza nyanya, muuza mikate na muuza sabuni wangeendelea kukatwa vilevile, maana wao hawakuwa sehemu ya kesi. Kwa dai la ushindani, watu ambao hawakulalamika, pengine ambao wasingethubutu kulalamika, walifunguliwa na kesi ya yoghati.

Desemba 2023 ikaja nyingine dhidi ya duka hilohilo, safari hii kwa malalamiko ya wasambazaji wawili, Woodlands, wanaosindika asali, na Pwani Oil, wa mafuta ya kupikia. Mamlaka haikucheka tena na tarakimu ndogo: adhabu ilizidi shilingi bilioni 1.1. Carrefour ilipinga. Lakini wenye maduka mengine makubwa walioisoma habari hiyo gazetini, naamini, waliita mawakili wao kabla ya chai ya saa nne.

Sasa, kwa nini haya yalianza kutokea wakati huo na si zamani? Sheria ya Ushindani ya Kenya ni ya mwaka 2010, ikaanza kutumika Agosti 2011, na mwanzoni ilimtazama mwenye soko: kampuni iliyoshika sehemu kubwa ya biashara nzima. Supamaketi hazikunaswa na kipimo hicho kwa urahisi. Ukihesabu vibanda na maduka ya mitaani yote, hakuna supamaketi inayoweza kuambiwa imelishika soko. Kila mmoja angejitetea kwamba yeye ni samaki mmoja tu baharini. Nguvu za mnunuzi zikaingizwa kwenye sheria kwa marekebisho ya mwaka 2016, halafu marekebisho ya 2019 yakazipa kifungu chake chenyewe, cha 24A. Sasa duka halihitaji kuwa mfalme wa soko zima. Kinachopimwa ni uhusiano wa wawili hawa: masharti ya mkataba yametoka wapi, msambazaji ametozwa nini ili aruhusiwe kuingia, analipwa bei gani.

Kifungu hicho kinataja matendo kwa majina yake, na kwa mtu aliyewahi kupeleka bidhaa kwenye mlango wa nyuma kinasomeka kama shajara yake mwenyewe. Kuchelewesha malipo bila sababu. Kuvunja mkataba au kutishia kuuvunja bila notisi. Kukataa kupokea bidhaa, au kuzirudisha, bila sababu ya maana. Kumtwika msambazaji gharama na hasara ambazo kwa kawaida ni za mwenye duka. Hili la mwisho ndilo la mama wa achari. Achari ikishaingia rafuni, kuiuza kabla haijaisha muda ni kazi ya mwenye rafu. Ndiyo sababu anaongeza faida yake juu ya bei. Akitaka faida ibaki kwake na hasara irudi kwa mama, hapo pana swali la kujibiwa, sahihi iwe ipo au haipo.

Upande wa pili wa mpaka kuna mfano wa sura tofauti. Mwaka 2009 Kampuni ya Bia ya Serengeti ililalamika kwa Tume ya Ushindani ya Tanzania, FCC, dhidi ya kampuni kongwe ya bia ya TBL. Lalamiko lilihusu baa. TBL ilikuwa na mikataba na wenye baa ya kupaka kuta na kutundika mabango ya bia zake, na Serengeti ilidai kwamba mikataba hiyo ilikuwa inamfungia nje yeye, mpaka mabango yake yanaondolewa. Tazama jinsi jambo lilivyogeuka: mwenye baa alikuwa radhi na mkataba wake, ukuta umepakwa rangi bure, viti vipya vya plastiki vimeletwa. TBL pia ilikuwa radhi. Aliyelia ni mtu wa tatu ambaye jina lake halimo popote kwenye karatasi. Kwa sheria ya mikataba, asiyekuwa kwenye mkataba hana la kusema. Kwa Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003, ndiye hasa anayesikilizwa. Tume iliiona TBL na hatia mwaka 2010, TBL ikakata rufaa, na mabishano yakahamia huko; safari yake yote siiingii hapa.

Mwaka huohuo wa 2010, EABL, kampuni ya bia ya Kenya, ilinunua asilimia 51 ya Serengeti. Mlalamikaji aliyejieleza kama mdogo anayebanwa akapata mzazi mkubwa kuliko wote wa mtaa. Mzazi huyohuyo ndiye mwenye Kenya Breweries, KBL, ambayo miaka michache baadaye ilijikuta upande wa pili kabisa wa ugomvi wa namna hii, ikishtakiwa na msambazaji wake.

Msambazaji huyo ni Bia Tosha. Alikuwa akisambaza bia za KBL Nairobi, na kwa kudai kwake alilipa shilingi milioni 38 za “gudwili” ili apewe njia fulani za usambazaji ziwe zake peke yake. Gudwili! Yeyote aliyetafuta kibanda cha kupangisha Nairobi analijua neno hilo. Pwani na Tanzania tunaliita kilemba. Ni pesa unayompa mtu ili akuruhusu uanze kumlipa. Hairudi, haina risiti ya maana, na hakuna anayekuambia umenunua nini hasa. Milioni 38 za kilemba ni kilemba cha kichwa kikubwa mno.

Mwaka 2016 uhusiano ukavunjika. Bia Tosha akaenda Mahakama Kuu, lakini hakwenda na kesi ya mkataba. Alikwenda na ombi la kikatiba, akidai haki zake zimevunjwa, ikiwemo ya kumiliki mali, maana kile kilemba alikichukulia kuwa mali yake. Mahakama Kuu ikatoa amri za kumlinda kwa muda. KBL ikajibu kwamba huu ni ugomvi wa kibiashara wa kawaida na mkataba una kipengele cha usuluhishi, uende huko. Mahakama ya Rufani, mwaka 2020, ikakubaliana na KBL. Tarehe 17 Februari 2023 Mahakama ya Juu ikapindua: katiba ya Kenya inawafunga watu binafsi na kampuni pia, si serikali peke yake, na kuwepo kwa mkataba wa biashara hakuzuii Mahakama Kuu kusikiliza madai ya haki kuvunjwa. Kesi ikarudishwa Mahakama Kuu, na zile amri za mwaka 2016 zikarudishwa nazo.

Miaka 7, na kilichoamuliwa ni mlango gani wa kuingilia. Nani mkweli kuhusu kilemba kile, hilo halikuwa limesikilizwa bado.

Uamuzi wa Bia Tosha uliwafurahisha wengi, na nilikuwa mmoja wao, lakini kila nikiufikiria naona na upande wake wa hatari. Mlango ukishafunguliwa kwa aliyeonewa, umefunguka pia kwa aliyeshindwa tu. Tuseme mwenye kinu ameahidi kupeleka unga kila Jumatatu, akachelewa mara tano, mnunuzi akamwandikia barua mbili, kisha akamwacha akatafuta mwingine. Yule wa kinu anakwenda mahakamani na kusema ameonewa na mkubwa. Mnunuzi ni mkubwa kweli, na mwenye kinu ni mdogo kweli, na machozi yake ni ya kweli. Lakini hakuna ushindani uliodhuriwa pale. Kuna unga uliochelewa. Udogo wa mtu si ushahidi, na kama mabaraza yetu yataanza kuuchukulia hivyo, wanunuzi wakubwa watafanya jambo rahisi: wataacha kununua kwa wadogo kabisa. Wataagiza kutoka nje, kwa watu wasiojua njia ya Mamlaka ya Ushindani.

Kwa hiyo mstari upo, na mimi nauchora hivi. Kama ukiondoa ukubwa wa mmoja wao na kuwafanya walingane, ugomvi ungebaki vilevile, huo ni ugomvi wa mkataba; upelekwe unakostahili. Mnunuzi wa unga angemwacha mwenye kinu hata kama wote wawili wangekuwa na duka moja moja. Lakini kipengele cha ukurasa wa 14, kwamba achari inayouzwa rafuni ihesabiwe imerudi nyumbani, hakuna mtu aliye sawa na mwenzake angekiandika, wala mwenzake asingekikubali. Kipo kwa sababu mmoja anaweza kuondoka na mwingine hawezi. Hapo ndipo sheria ya ushindani ina kazi.

Mawakili wataniambia hicho si kipimo cha kitabuni. Najua. Ila mabaraza haya mwishoni hutafuta jambo lilelile kwa maneno marefu zaidi.

Kinachowashinda wadogo mara nyingi si sheria bali karatasi. Nilimwuliza mama wa achari anionyeshe LPO zake. Alikuwa nazo tano kati ya kumi na moja. Hati za kupokelea mzigo zilizopigwa muhuri mlango wa nyuma, tatu. Nyingine alimwachia dereva wa tuktuk, naye dereva alifungia maandazi. Mapatano ya bei yalifanywa kwa simu. Ile ada ya tawi jipya aliambiwa kwa mdomo, na kijana ambaye ameshahama kazi. Mbele ya Mamlaka, yote hayo ni upepo. Kampuni zilizoshinda zilikuwa na ankara, barua pepe, mikataba na rekodi ya kila shilingi iliyokatwa. Ndiyo maana uamuzi uliweza kuandika shilingi 289,482 na si “pesa nyingi”.

Na ipo hofu. Anayelalamika anajua kwamba wiki ijayo LPO inaweza isije, na hakuna atakayemwandikia sababu. Sheria inakataza kuvunja uhusiano kiholela, lakini hailazimishi mtu kuagiza achari. Ndiyo maana malalamiko mengi yanakuja baada ya mtu kuwa ameshaondolewa rafuni, wakati hana cha kupoteza tena, na pengine hana hata cha kuokoa. Nakumatt ilipokwisha kabisa, wadai walipopiga kura ya kuifunga Januari 2020, wasambazaji wengi walikuwa wamekaa miaka wakimezea malipo yaliyochelewa kwa hofu hiyohiyo. Waliogopa kulifukuza duka ambalo lilikuwa linakwenda zake.

Sheria inataka mkataba wa mnunuzi mwenye nguvu na msambazaji wake useme mambo machache kwa uwazi: masharti ya malipo, tarehe ya kulipa, riba ya kuchelewa, jinsi ya kuuvunja au kuubadilisha kwa notisi ya kutosha, na ugomvi utatuliwe wapi. Wewe unayesoma hapa na una mkataba wa namna hii kabatini, utoe leo utafute mambo hayo matano. Usipoiona tarehe ya malipo, andika barua uiulizie, nakala ubaki nayo, na upigiwe muhuri wa kupokelewa. Kila kreti inayoingia mlango wa nyuma, idai karatasi yake hapohapo kabla tuktuk haijageuza. Makato yakija bila maelezo, uliza kwa maandishi mwezi huohuo, kwa adabu, bila kutishia mtu.

Mama wa achari aliandika barua yake wiki iliyofuata. Nilimsaidia Kiingereza, yeye akaniongoza ukali. Alinunua faili la bluu, na sasa dereva wa tuktuk halipwi mpaka arudishe karatasi yenye muhuri. Siku ya kumi na tisa alipigiwa simu: ule mstari wa bidhaa zilizorudishwa ulikuwa “kosa la mfumo”, shilingi 11,340 zitaongezwa malipo yajayo. Zimeongezwa. Ukurasa wa 14 haujabadilishwa, na mkataba wa mwaka mpya umeletwa nyumbani kwake, umepigwa chapa tayari. Uko juu ya friji. Hajautia sahihi.